Haki ni nini hasa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara mezani kwetu Tabora

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Meza yetu iko chini ya mwembe, si mbali na soko. Wanaokuja ni wakulima wa tumbaku kutoka vijijini, mama ntilie, vijana wa bodaboda, wajane, na siku mojamoja mwenyekiti wa kijiji anayetaka kujua kama alichokifanya jana kilikuwa sawa. Kila mmoja huja na shauri lake, ila mazungumzo yakikolea swali huwa lilelile: sasa haki iko wapi? Hapa nimekusanya maswali yanayorudi zaidi, kwa maneno ya waliouliza. Pale ninapotoa maoni yangu nitasema ni maoni.

Kila mtu anataja haki. Haki ni kitu gani?

Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili. Mtu akisema "nataka haki yangu", anadai kitu chake: fungu la urithi, mshahara, kura. Akisema "haki itendeke", anazungumzia namna shauri linavyopaswa kuamuliwa. Mwaka juzi walikuja kaka na dada kutoka upande wa Sikonge, wanagombea shamba la marehemu baba yao. Dada: "Nataka haki yangu." Kaka: "Na mimi sitaki kingine, haki itendeke tu." Ungedhani wamekubaliana. Kumbe dada alikuwa anahesabu ekari, na kaka alitaka kikao cha ukoo kikae, wazee waseme, na alijua fika wazee watasema nini.

Wengi hudhani pia kwamba "hakimu" limetokana na "haki". Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, lakini mizizi ni tofauti. Hakimu ni ndugu wa "hukumu". Kwa jina lake, yeye ni mtu wa kukata shauri basi. Kwamba alikate kwa haki ni sharti tulilomwekea sisi kwenye Katiba.

Ukinibana niseme haki ya mahakamani ni nini kwa pumzi moja, maoni yangu ni haya: ni kusikilizwa na mtu asiye na upande kabla uamuzi haujatoka, kisha kuambiwa sababu ya uamuzi huo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa. Hakuna mahali iliposema utashinda.

Kama sheria imesema, si ndiyo haki yenyewe?

Mara nyingi ndiyo. Mara nyingine sheria na haki hukutana njiani zisisalimiane.

Chukua urithi. Mwaka 1963 Serikali iliandika mila za makabila mengi ya Tanganyika zikawa kanuni rasmi. Kwenye urithi, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, yaani ya mke wa kwanza, alipewa daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu, atatunzwa na watoto wake. Hiyo ilikuwa sheria, imechapishwa, ina namba ya tangazo la Serikali.

Mwaka 1984 tukaingiza haki za binadamu kwenye Katiba. Ibara ya 13 ikapiga marufuku ubaguzi. Sasa mila iliyoandikwa upande huu, Katiba upande ule, nani ampishe mwenzake?

Swali hili lilifika Mahakama Kuu Mwanza kupitia mwanamke mmoja wa Kagera. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia, naye mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa akaenda mahakamani: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, ndivyo mila ya Wahaya inavyosema. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba, na kwamba mauzo ni halali kama ambavyo yangekuwa halali kwa mwanamume.

Ukidhani hapo ndipo mambo yalipoisha, subiri. Miaka kumi na mitano baadaye wajane wawili wa Shinyanga, jirani zetu kabisa, wakaipinga mahakamani ile mila ya urithi yenyewe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba ubaguzi upo. Lakini ikaona mila haibadilishwi kwa amri ya jaji, ikawaachia mkono mtupu. Wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewavunjia haki zao. Katiba ileile, nchi ileile, majibu mawili.

Kwa ardhi ya kijiji msimamo una nguvu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Yule dada wa Sikonge tulimwandikia kifungu hicho kwenye karatasi, akaenda nacho kwenye kikao cha ukoo. Alirudi na ekari mbili kati ya saba. Akasema zinamtosha. Mimi sikusema kitu.

Mwizi tumemkamata wenyewe, kamba ya ng'ombe mkononi. Mbona kesho yake yuko mtaani anatucheka?

Huyo amepata dhamana. Dhamana si msamaha, wala haina maana kwamba kesi imekufa. Ni ahadi, yenye wadhamini, kwamba atarudi mahakamani tarehe aliyopangiwa.

Katiba inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla haijathibitika. Ndiyo maana polisi wanatakiwa kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, na ndiyo maana makosa mengi yana dhamana. Yako yasiyo nayo: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji wa fedha na mengineyo. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilikifuta kipengele kimojawapo kilichozuia dhamana, ikisema kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2020, kwenye kesi nyingine, ikasema orodha iliyopo haivunji Katiba. Wanasheria wanabishana mpaka leo.

Nitakuambia nilichokiona. Mzee mmoja alikuja mezani anafoka kweli kweli, kwa nini vibaka wanaachiwa. Haikupita miezi mitatu akarudi, safari hii anahema, amebeba nakala ya hati ya kiwanja chake, anauliza mdhamini anatakiwa kuwa na nini. Mwanawe alikuwa ndani, kasingiziwa, anasema. Huenda kweli kasingiziwa. Dhamana iliwekwa kwa ajili ya hiyo "huenda".

Sungusungu hawahitaji dhamana wala mawakili, na wizi uliisha. Hiyo nayo si haki?

Hapa najibu kwa uangalifu, maana baba yangu mwenyewe alikuwa sungusungu, mmoja wa walinzi wa jadi wa kijiji.

Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Usukumani na kwetu Unyamwezini, wakati ng'ombe wanaibiwa kwa bunduki na polisi wako mbali. Ukipiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada, usiku, kijiji kizima kinatoka na pinde. Mambo yalitulia, hilo halina ubishi. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, sungusungu wakatambuliwa na kupewa uwezo wa kukamata.

Kukamata. Si kuhukumu. Wakimkamata mtu wanatakiwa kumkabidhi kwa vyombo vya dola. Lakini kwa jinsi baba alivyokuwa akisimulia, aliyeletwa mbele ya duara la wanaume usiku, taa moja ya chemli katikati, hakuulizwa "una la kusema?" Aliulizwa "uliwaficha wapi?" Na waliofikishwa kwenye duara hawakuwa wezi peke yao. Ajuza aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi, macho yakawa mekundu kwa moshi, mtoto wa jirani akifa kwa malaria ilitosha. Mikoa yetu hii imezika vikongwe wengi kwa tuhuma za uchawi. Hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kumhoji shahidi, kwa sababu shahidi alikuwa mganga na ramli yake.

Siku hizi mtuhumiwa akiuawa na umati, magazeti yana maneno yao: "wananchi wenye hasira kali". Hasira inatajwa jina, aliyeshika jiwe hatajwi. Mahakamani ni mauaji tu, hata kama mlikuwa mia.

Mtaa mzima unajua kiwanja ni changu. Nimeshindwaje?

Kwa sababu mtaa mzima haukuja kutoa ushahidi.

Samahani, hilo ni jibu la haraka, ila ndiyo hali. Hakimu haruhusiwi kutumia anachokijua yeye wala kinachosemwa kijiweni. Anaangalia kilichowekwa mbele yake. Kwenye jinai upande wa Jamhuri, yaani wa mashtaka, lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya maana. Kwenye madai anatazama ni maelezo ya nani yanayoelekea zaidi kuwa ya kweli.

Mzee mmoja wa Ipuli alitoa ushahidi wake kwenye mfuko wa rambo. Karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne mpaka imekatika kwenye mikunjo, wino wa bluu umefifia, chini alama mbili za dole gumba. "Mimi nimemuuzia ndugu..." jina la kwanza tu. Ukubwa: "hatua arobaini kwa thelathini". Mipaka: mchongoma, na nyumba ya mtu aliyekwisha hama. Mashahidi wawili, wote marehemu. Mzee hakuwa mwongo hata chembe, nilimwamini tangu aanze kusema. Mpinzani wake alikuwa na barua ya ofisi, mhuri na shahidi aliye hai.

Angalia pia muda. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12. Jirani akila hatua zako tatu mwaka huu, usimwonee haya mpaka wajukuu wenu waje waoane.

Na anzia mahali panapostahili. Baraza la kata lilikuwa likiamua migogoro ya ardhi, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado naona watu wanakuja na "hukumu" ya kata ya juzi juzi, wameitia kwenye fremu.

Sikuwepo siku ya kesi, hukumu ikatoka. Asiyekuwepo na lake halipo?

Methali hiyo mahakamani ni nusu kweli. Kama uliitwa, ukapokea wito, ukaamua kwenda zako mnadani, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Kama hukupata wito, au ulikuwa umelazwa Kitete na una cheti, unaomba kwa mahakama ileile hukumu hiyo iondolewe ili usikilizwe. Wahi. Kila siku inayopita inataka maelezo yake, na "sikujua" haikubaliki kirahisi.

Rufaa nayo ina siku zake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni 30 nyingine.

Zamani mtemi alimaliza shauri siku moja. Mbona mahakama zetu ni njoo mwezi ujao?

Wazee huku husema "mtemi", yaani chifu wetu wa zamani, ni kutoka kutema, kukata: aliyekata msitu wa kwanza, au akataye maneno. Kiswahili nacho kinakata shauri na kukata rufaa, kwa hiyo sioni ajabu.

Utemi uliondolewa kisheria mwaka 1963, na mwaka huohuo mahakama za wenyeji zilizokuwa chini ya machifu zikaingizwa kwenye mfumo mmoja wa nchi, zikawa Mahakama za Mwanzo. Kilichopotea ni kasi, na baraza lililokaa hatua chache kutoka nyumbani kwako. Kilichopatikana ni kwamba unaweza kumpinga mwamuzi. Nani alikata rufaa dhidi ya mtemi, na akaipeleka wapi?

Lakini ucheleweshaji siutetei. Ibara ya 107A inaziambia mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Mama mmoja aliahirishiwa kesi ya matunzo ya watoto mara tisa kwenye mahakama ambayo sitaitaja. Nilihesabu mihuri kwenye kadi yake ya tarehe. Nauli ya kwenda na kurudi mara tisa ilizidi matunzo ya miezi miwili aliyokuwa akidai.

Na haki kwenye siasa? Mwanasiasa anaposema "tunadai haki" anadai nini?

Mahakamani tunauliza kama sheria imefuatwa. Kwenye siasa swali linapanda ngazi: hiyo sheria imetungwa na nani, na mimi nilisikilizwa lini?

Watu wa Tabora tuna mfano wetu. Januari 1958 TANU walikutana hapa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wenye masharti ya ajabu: mpiga kura lazima awe na kipato, elimu au cheo fulani, na kila mmoja apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu, moja kwa Mwasia. Waafrika walikuwa mamilioni, wengine maelfu, viti sawasawa. Wajumbe wengi walitaka kususia, na walikuwa na kila sababu. Mwalimu Nyerere, ambaye miaka ishirini nyuma alikuwa mwanafunzi wa Tabora, alisimama akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake. TANU wakaingia, wakashinda, na Desemba 1961 bendera ikapandishwa.

Uamuzi ule unaitwa Uamuzi wa Busara. Hakuna aliyeuita Uamuzi wa Haki, na nadhani waliouita hivyo walijua wanachosema. Walikubali kupita kwenye mlango mbovu ili wapate mkono wa kuurekebisha. Mtemvu naye simbezi: aliyesema mlango ni mbovu alikuwa sahihi.

Mfano wa pili ni wa Mchungaji Christopher Mtikila. Alitaka mtu aweze kugombea bila kuwa mwanachama wa chama. Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira, ilimpa ushindi mwaka 1994. Bunge likabadilisha Katiba kuuzima ushindi huo. Akarudi, Mahakama Kuu ikampa tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa nchini, Arusha, na Juni 2013 ikasema Tanzania imevunja haki yake. Mtikila alifariki mwaka 2015, mgombea binafsi bado hayuko kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2019 Serikali ikaondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile.

Kijana mmoja wa bodaboda, nilipomweleza haya, aliuliza: "Sasa huyo mzee alishinda au alishindwa?" Nikamwambia alisikilizwa mara nne na kushinda mara tatu. Akawasha pikipiki.

Kugawana sawasawa ndiyo haki?

Nenda msituni na warina asali. Mwenye mzinga, aliyepanda mti usiku na moshi akaumwa na nyuki, na aliyeazima ndoo na baiskeli. Mkigawa mafungu matatu sawa, aliyevimba uso atanuna, na ana haki ya kununa. Mkimpa mwenye mzinga zote kwa kuwa mali ni yake, mwakani apande mwenyewe. Aristotle, Mgiriki wa kale, alishasema kugawa ni jambo moja, na kurekebisha kilichoharibika ni jingine. Kwenye kugawa unamtazama mtu na mchango wake. Kwenye kurekebisha unatazama hasara tu. Aliyeibiwa debe arudishiwe debe, awe tajiri awe maskini.

Wakulima wa tumbaku hunielewa haraka hapa. Malalamiko yao ni ya kugawa: daraja analopewa jani sokoni, makato ya pembejeo yanayoonekana siku ya malipo. Mahakama inaweza kukusaidia kama mkataba umevunjwa. Kama mkataba wenyewe ndio unaokunyonya na uliutia saini, hiyo ni kazi ya mkutano mkuu wa chama chenu cha msingi cha ushirika, nenda ukanyooshe mkono. Wengi hawaendi.

Naweza kuishtaki Serikali?

Ndiyo, kwa notisi ya siku 90 kwanza. Zamani ulitakiwa kuiomba Serikali ruhusa ya kuishtaki Serikali. Mahakama ya Rufani iliufuta utaratibu huo mwaka 1993. Kesi ya ngedere ilikuwa kwa nyani, waziwazi.

Kesi itaendeshwa kwa Kiingereza?

Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili siku zote. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, ingawa ukienda juu bado utakutana na mafaili ya Kiingereza. Usitie saini usichokisoma. Omba usomewe.

Mnatoza kiasi gani, na nije na nini?

Hatutozi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua ili wasio na uwezo wasaidiwe bure; fotokopi utalipia mwenyewe dukani. Njoo na karatasi zote, hata zile unazoona hazina maana, na usizilaminishe. Kama mgogoro ni wa familia, na huyo unayegombana naye anakubali kukaa kwenye benchi moja na wewe, mje wote. Benchi ni refu.